Jirani Asiyeuza Visu

Nikianza kumsema Jirani, mtu atafikiri natunga. Situngi. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta pale Mtaa wa Kongo miaka mingi kuliko niliyokaa na mume wangu, na sina hakika kama mume wangu nilimjua. Jirani nilimjua. Jina lake analo, lakini Kariakoo hakuna aliyelitumia. Mimi nilimwita Jirani, wateja wakafuata, mpaka mtoza ushuru naye akawa anamwita hivyo hivyo.

Alikuwa anauza vyombo vya jikoni. Sufuria, machujio, mabeseni, birika, hotipoti, kila kitu cha jikoni isipokuwa visu. Mtu akiuliza kisu, ananyoosha mkono kwenye fremu ya duka langu: "Visu kwa Mama Zuhura." Mimi ndiye Mama Zuhura, nauza visu, mapanga, shoka na nyembe, na nasema wazi kwamba nusu ya wateja wangu nililetewa na imani ya mtu mwingine. Aliposhushiwa mbuzi za kukunia nazi kwa mara ya kwanza, alizitazama wiki nzima. Zina meno. Akaniuliza, "Mama Zuhura, hivi mtu anaweza kumwumiza mwenzake kwa mbuzi?" Nikamwambia mtu akitaka anaumiza hata kwa mwiko. Lo, nilijuta! Miiko nayo ikarudishwa stoo, akaanza kuifikiria.

Sababu ni dini yake. Jirani alikuwa Mkweka. Usijisumbue, hata mimi sikuwahi kulisikia hilo neno mpaka aliponieleza. Ni Wakristo, wako wengi huko kwao upande wa ziwa, na wenyewe kwa wenyewe wanaitana Marafiki. Hawapigani, hawashiki silaha, hawaapi. Alisema wenzake wa siku hizi wanaimba na kupiga ngoma kanisani kama watu wengine, lakini yeye alifundishwa ile ya kizamani: mnakaa kimya, kimya kabisa, mpaka mmoja apate neno la kusema, na asipopata mnaondoka hivyo hivyo.

Sasa mtu wa namna hiyo akafungue duka Kariakoo! Kariakoo bei ni mwanzo wa mazungumzo tu. Unatajiwa, unashtuka, unashika kiuno, unaondoka, unaitwa, unarudi. Jirani akitaja bei, ni hiyo. Mama wa watu anashtuka, anaondoka, anafika kona anageuka kuona kama anaitwa, na Jirani ndiyo kwanza anapangusa sufuria. Nimewaona wanawake wakirudi wenyewe kwa hasira, wananunua huku wanamtukana. Mmoja alimwambia, "Baba, hata unidanganye kidogo basi, ili nijisikie nimenunua!"

Na hakuishia hapo. Alikuwa akiuza kitu anasema na ubaya wake. "Birika hili zuri, lakini mdomo unachuruzika." Mteja anamwambia, apa basi kama hii hotipoti inashika moto mpaka jioni. Kila duka la mtaa ule lilikuwa linaapa kutwa: wallahi, haki ya Mungu, naomba nife. Jirani anasema, "Nimeshakwambia inashika. Nikiapa, itashika zaidi?" Watu walimcheka, lakini nikuambie kitu: wenye hoteli wote wa Msimbazi walikuwa wakitaka sufuria ya kazi wanakuja kwake, na hawaulizi mara mbili.

Kwa kuwa Mkweka mwingine hapakuwa, Jumapili alikuwa anasali peke yake dukani, mlango nusu. Mara ya kwanza nilimkuta kakaa kwenye kigoda, macho kafumba, mikono magotini, hajibu. Nikaita, "Jirani!" Kimya. "Jirani wee!" Kimya. Mama yangu mzazi! Nikapiga yowe, wakaja wabeba mizigo, mmoja akamfungua mkanda, mwingine akamfungua vifungo vya shati, mimi nikachukua beseni la maji nikammwagia lote. Akafumbua macho taratibu, maji yanamtiririka puani. Akasema, "Nilikuwa karibu kupata neno."

Nilimhurumia, nikasema Jumapili ijayo nitakaa naye, kwani kukaa kimya si dhambi katika dini yangu. Nikakaa. Kilichofuata sikijui, maana niliamka shingo inaniuma. Wabeba mizigo waliniambia nilikoroma mpaka wateja wakachungulia. Jirani hakunisema. Alisema tu kwamba katika miaka yake yote ya ibada hajawahi kuona mwumini wa mara ya kwanza mwenye utulivu kama ule.

Panya ndio waliofaidi ile dini. Panya wa Kariakoo unamjua, anakutazama kama wewe ndiye mpangaji. Jirani alikuwa anamnasa mzima mzima, anamfunika na sufuria, anachapa mguu mpaka bonde la Jangwani kumwachia huko. Nikamwambia Jirani, panya huyo anarudi kabla yako. Akabisha. Basi siku moja tulipomnasa mmoja nikampaka mkia rangi ya kucha, nyekundu ile ya harusi. Jirani akampeleka Jangwani kwa heshima zote. Hazikupita siku nyingi nikamwona bibi harusi huyo anakatiza juu ya hotipoti. Nikamwita Jirani aje ashuhudie. Alimtazama sana, akasema, "Basi, kapapenda."

Lakini mbu! Mbu alikuwa anamwua kwa makofi mawili na maneno juu. Nikamshika: Jirani, mbu si kiumbe? Akasema, "Huyo ndiye anayeanza." Na drafti, usiseme. Alikuwa akicheza na mtu anamla kete zote, hamwachii hata moja ya kuondokea, huku uso umemng'aa kama kapaka mafuta. Nikamwuliza, hii si vita hii? Akanijibu, "Mama Zuhura, hivi ni vifuniko vya soda. Havina mama."

Basi huyo ndiye Jirani. Sasa nikuambie kilichokuwa kinamkera maishani, maana kilikuwa kimoja tu, na mtaa mzima tulikijua.

Ng'ambo ya barabara, fremu ikitazamana na yake, alikuwako kaka yake, tumbo moja. Yeye tulimwita Sajini. Alipigana Vita vya Kagera, na mguu mmoja ulirudi una kasoro, anauvuta. Sajini aliuza makufuli na minyororo. Alikuwa ananyoa ndevu kila siku, anavaa mkanda wa jeshi juu ya suruali ya kawaida, na turubai lake la jua alilipandisha asubuhi kama bendera, mpaka wapita njia wengine wakasimama.

Kila siku Jirani akishafungua mlango, kabla hajapanga hata kijiko, alikuwa anasogea ukingoni mwa barabara, anaweka mikono mdomoni na kupaza sauti juu ya bodaboda na mikokoteni: "Shikamoo, kaka!"

Na Sajini hakuitikia.

Si siku moja. Si mwaka mmoja. Nilipohamia pale niliikuta, na wazee walioikuta kabla yangu walisema nao waliikuta. Jirani anasema shikamoo, Sajini anapanga makufuli. Jirani anasubiri kidogo, anatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa, anarudi kwenye sufuria zake. Jamani, kumnyima mdogo wako marahaba! Hata mgambo anayekubomolea kibanda huwa anaitikia kwanza. Nilimwuliza Jirani kwa nini alikuja kupanga fremu mkabala na mtu wa namna ile, Dar es Salaam yote hii. Akasema, "Nilitaka nikimsalimia nisitembee sana."

Kisa chenyewe nilikipata kwa vipande. Walilelewa nyumba moja na kanisa moja, wote wawili. Vita vilipoanza vijana wa kwao walikusanywa uwanjani, wakapangwa mstari, kila mmoja apokee bunduki. Sajini akapokea. Zamu ya Jirani ikafika, akasema hapana.

Afande akamwuliza, "Unamwogopa adui?"

"Sijamwona bado."

"Na ukimwona?"

"Nikimwona nitamsalimia."

Wakamfungia kwenye stoo ya mahindi wakifikiria wamfanye nini. Baadaye wakampa machela akabebe majeruhi, akaibeba mpaka mabega yakaota sugu, nimeyaona mwenyewe. Lakini Jirani alizaliwa na mashavu, na mashavu yale hayajui kazi wala njaa. Sajini aliporudi kutoka vitani, amekonda, anachechemea, mtu wa kwanza kukutana naye njiani alikuwa mdogo wake, mviringo, anang'aa, na Sajini habari aliyokuwa nayo ni ya stoo ya mahindi tu, ya machela hakuisikia. Sajini alimwambia maneno mawili tu: "Mwoga wewe." Kuanzia hapo mdomo ukafungwa.

"Sasa si umwambie tu kwamba uliogopa?" nilimwambia Jirani. "Sema niliogopa kaka, nisamehe, upate marahaba yako tupumzike wote."

"Ningesema. Lakini si kweli. Nimekaa kimya Jumapili ngapi naitafuta hiyo hofu, siioni. Nilikataa kwa sababu ya imani."

"Danganya kidogo!"

Akanitazama kama niliyemwomba auze panga.

Basi tukajaribu ujanja. Sajini mimi alikuwa ananiitikia vizuri tu. Tena nilikuwa simu yao. "Mama Zuhura, mwambie mtu huyo maji ya turubai lake yanatiririka mpaka kwangu." Mtu huyo yuko hapo hapo, kamsikia, anasema, "Mama Zuhura, mwambie kaka nalikunja sasa hivi." Nikapata akili. Asubuhi moja nikasimama bega kwa bega na Jirani, nikamhesabia, tukatoa shikamoo kwa sauti moja kama kwaya. Sajini akainua kichwa, akaniona, akasema, "Marahaba."

Nilirukaruka pale barabarani kama mwehu. "Umeipata! Jirani, umeipata!"

"Hapana," akasema, na uso ulimshuka kweli. "Hiyo ni yako. Siwezi kuchukua cha mtu." Kha! Nilimnunia mpaka adhuhuri.

Halafu ikaja siku ya mwizi.

Jamaa mmoja, nadhani ndiyo kwanza alikuwa anaanza kazi, aliiba boksi zima kwenye duka la Sajini. Makufuli ya chuma. Mwizi gani anaiba mzigo usiokimbilika? Alifika mbele ya fremu yangu ulimi nje, boksi likapasuka, makufuli yakamwagika, akateleza juu yake akaanguka kifudifudi. "Mwizi! Mwizi huyo!" Na Kariakoo likishatoka hilo neno, mtu hana bahati tena. Walikuja na mawe, na mbao, na vyuma vya kupangia nguo. Nilisikia mtu nyuma anaulizia tairi. Niliicheka hadithi hii mara nyingi baadaye, lakini pale nilikuwa nimeshika kichwa, maana nilijua tunaenda kuona mtu anakufa.

Jirani akatoka na sufuria ya pilau ya shughuli, ile ya watu mia. Akamfunika mwizi kichwa na mabega. Halafu, kwa uzito wake wote, akamkalia mgongoni, magoti yameibana sufuria. Akaweka mikono magotini, akafumba macho, akasali.

Jiwe la kwanza lilipiga sufuria likalia ngoo! Mwizi ndani akapiga kelele, sauti ikatoka kama ya jini kwenye chupa. Jiwe la pili lilimpata Jirani begani, hakufumbua macho. Watu wakamzunguka wakimwambia ondoka mzee, utaumia bure. Hasogei. Wengine wakajaribu kumnyanyua, wakashindwa, wakaanza kutukanana kwamba hujashika vizuri.

Ndipo Sajini akafika, anavuta mguu, mkanda keshauvua, kauinua juu. Watu wakampisha. Ni mali yake, na kaka mtu ni yeye. Akasimama mbele ya Jirani, jasho linamtoka.

"Toka!"

Jirani akafumbua macho. Nilikuwa karibu, niliyaona magoti yake. Yalikuwa yanatetemeka mpaka sufuria inagongagonga lami. Lakini usoni, mtu yule akachanua.

"Kaka," akasema, "umenisemesha!"

Halafu mbeba mizigo mmoja akaangua kicheko, na mwingine, na mwingine, mpaka mwenye mbao akaiegemea. Watu wakicheka hivyo hawawezi tena kuua. Chini ya sufuria mwizi naye anauliza, "Wanachekea nini?" Polisi walipofika walimkuta mzima, ana nundu moja, na ilibidi wamsihi Jirani anyanyuke. Sajini alikuwa bado kauinua mkanda. Akaushusha polepole, akavuka barabara, akafunga duka saa hizo hizo za mchana.

Kesho yake Jirani alifungua mlango, akasogea ukingoni, akaweka mikono mdomoni, na hakutoa sauti. Akarudi ndani akakaa kwenye kigoda, na haikuwa Jumapili. Nikamwuliza vipi. Akasema, "Kuna kitu nimekiona, Mama Zuhura. Niache kidogo." Nilimwacha, lakini ile asubuhi bila shikamoo iliniuma kuliko zote zisizoitikiwa.

Mwanangu Zuhura akajifungua kule Lindi, nikaenda kumlea mzazi, nikakaa. Niliporudi, mwenye jengo alikuwa keshatutoa wote anajenga ghorofa. Mabati yamezungushwa, mtaa wangu siutambui. Nikapata fremu upande wa Mtaa wa Swahili, biashara ikasuasua. Hakuna jirani wa kuniletea wateja. Nilimwulizia kwa kila mtu. Mwishowe mwenye hoteli mmoja akaniambia Jirani yuko Kigamboni, kapumzika biashara, anakaa kwa nduguye.

"Ndugu yupi?"

"Huyo huyo mwenye makufuli."

Nikasema mwongo huyu. Ijumaa nikapanda pantoni pale Magogoni na kilo mbili za tende, nikavuka maji kwenda kujionea.

Nilimkuta barazani, kakonda kila mahali isipokuwa mashavu. Pembeni yake Sajini, kanyoa, mkanda uko kiunoni, mguu kaunyoosha juu ya kiti. Katikati yao drafti. Nikasimama getini nimeduwaa.

"Shikamooni!"

"Marahaba!" wakaitikia wote wawili, kwa pamoja, na Jirani akacheka kwa jinsi nilivyotoa macho.

Mke wa Sajini akaleta chai. Nikashindwa kuvumilia. "Haya, nielezeni, kabla sijafa."

"Niliipata," akasema Jirani.

"Nini?"

"Hofu. Siku ile nimemkalia mwizi, kaka kainua mkanda, magoti yakaanza kucheza. Nikasema hii naijua. Hii ndiyo ile ya uwanjani. Ilikuwepo siku zote, mimi nilikuwa naitafuta kichwani, kumbe ilikaa magotini. Nilikataa kwa imani, ndiyo. Lakini na kuogopa niliogopa. Vyote viwili. Nikakaa kimya siku kadhaa nihakikishe, halafu nikavuka barabara nikamwambia."

Nikamgeukia Sajini. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwona bila kitu cha kupanga mikononi. Alikuwa anaitazama bodi ya drafti.

"Tulilelewa dini moja," akasema. "Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyetakiwa kukataa kwanza. Afande alivyoninyooshea ile bunduki, mkono ukatoka wenyewe. Niliogopa kusema hapana, Mama Zuhura. Nikageuka kumtazama huyu, mtoto mdogo, kasimama anamjibu afande kama anauza sufuria. Nikasema huyu hana hofu hata chembe. Mimi ndiye mwoga, na yeye anajua. Ndiyo maana nikawahi kumwita mwoga kabla hajaniita mimi." Akasogeza kete, akairudisha. "Mtu kama huyo utamwitikia marahaba kwa mdomo gani? Nilikuwa namwonea haya. Kila asubuhi ya Mungu, ananikumbusha kwa sauti ya juu, mbele ya watu!"

"Nilikuwa nakusalimia tu," akasema Jirani.

"Ungesema ulikuwa unatetemeka!"

"Hukuniuliza."

"Mimi nilitetemeka zaidi. Nilitaka kujikojolea."

"Ulitaka tu? Mimi kidogo ilitoka."

"Uwongo!"

"Sisemi uwongo mimi!"

Wakaanza kugombana, wazee wazima wenye mvi, nani aliogopa kumshinda mwenzake, mpaka drafti ikamwagika na kila mmoja akadai alikuwa anashinda. Nililia pale kwa kucheka, halafu nikalia tu.

Nilipotulia nikauliza lile la muhimu. "Kwa hiyo marahaba ulipewa?"

Mke wa Sajini ndiye aliyejibu, kasimama mlangoni na birika. "Mama, wewe acha! Alirudi nyumbani siku hiyo na mdogo wake, akakaa kitandani, akaanza: marahaba, marahaba, marahaba, marahaba. Hanywi maji. Nikajua maruhani yamempanda, nikamwita sheikh wa mtaani. Kumbe anamwitikia za nyuma."

"Sauti ilinikauka," akasema Sajini, kwa aibu kidogo. "Bado sijazimaliza."

Nikawaaga, pantoni lisije likaniacha. Nilipokuwa nafungua geti nikawasikia wanapanga kete upya, kimya. Halafu sauti ya Sajini, chini chini, bila mtu kuwa amemsalimia: "Marahaba." Kete moja ikawekwa. "Marahaba, mdogo wangu."